Mdomo Wangu na Pepo wa Punda

Wiki iliyopita nilikwenda kupiga picha za paspoti mjini Mpanda, kwenye studio ndogo karibu na soko. Dada wa studio alinipiga, akakaa kwenye kompyuta yake akabofya weee, kisha akanikabidhi picha zangu ndani ya bahasha huku akitabasamu. Nilizitazama nikamwona mwanamke anayefanana na mimi. Nywele zangu, macho yangu, pua ya baba yangu. Lakini mdomo wa juu ulikuwa laini kama wa mtoto mchanga. Nikamuuliza kovu langu liko wapi.

"Nimekusafishia, dada," akasema. "Hiyo huwa ni bure."

Nikamwambia alirudishe. Alidhani natania, akacheka kwa adabu, na alipoona sicheki akarudi kwenye kompyuta amenuna. Nilitoka pale nimekasirika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, na njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa napitisha ulimi mdomoni kuhakikisha bado lipo.

Sisi wa umri wangu tuliokulia vijijini tuna makovu tele. Ya mwiba, ya mundu, ya moto wa jikoni, ya fimbo ya mwalimu. Mengi yalitibiwa kwa majivu na maneno ya kutia moyo, na yanaonyesha hivyo. Langu ni la namna nyingine. Linaanzia chini ya pua upande wa kushoto, linashuka na kuvuka ule mstari ambapo ngozi inakoma na mdomo wenyewe unaanza. Kwa mbali hulioni. Kwa karibu utaliona, na mtu akifika karibu hivyo huwa nimemruhusu mwenyewe. Ni jembamba kama uzi, na limenyooka. Najivunia kovu hili, na sababu yake ni mama yangu.

Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Mama tulimwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyoita mama zao. Mimi niliitwa Limi, yaani jua. Tulikuwa na punda wa kuvuta mkokoteni wa maji, dume la kijivu, jina lake Hakimu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha kutoa uamuzi. Ungeweza kumpiga, kumbembeleza, kumtukana ukoo wake wote, akisimama amesimama. Nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, na katika viumbe wote wa boma letu huyo ndiye niliyemfahamu zaidi.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka kisimani. Mayu alikuwa mbele ameshika kamba, na mimi nilitakiwa kutembea nyuma ya mkokoteni. Nilipanda juu ya madumu. Hakimu akasimama ghafla katikati ya njia, kama kawaida yake, mimi nikaendelea na safari. Uso wangu ulipokewa na ukingo wa bati uliopigiliwa mbele ya mkokoteni, halafu na ardhi, na kwa bahati yangu mbaya ni pale pale ambapo Hakimu alikuwa ametoka kujisaidia. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka ladha ya chuma na samadi, na nakumbuka nikijaribu kuita Mayu nikashindwa, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina lake inataka midomo miwili na mmoja wangu ulikuwa umegawanyika.

Mayu hakupiga kelele. Alivua kitenge chake, akatafuta upande safi, akanibana nao mdomoni, akanibeba. Hakimu na maji yake aliwaacha hapo hapo njiani.

Nyumbani alikuwepo Bibi, mama yake Baba. Baba mwenyewe alikuwa mbali kusini na ng'ombe, kwenye malisho ya kiangazi, na Baba akiwa hayupo neno la mwisho lilikuwa la Bibi. Alinitazama mara moja akaingia ndani, akatoka na majivu mkononi na kipande cha tumbaku ya kutafuna. Nisije nikamchafua Bibi wa watu: majivu yake na tumbaku yake yalikuwa yamefunga vidonda vya boma zima, na Baba mwenyewe alikuwa na unyayo uliopasuliwa na jembe ambao Bibi aliuponya. Unyayo huo ulikuwa na kovu nene kama kamba ya kufungia ndama, lakini Baba alikuwa anatembea.

Mayu alinigeuza nikaelekea upande mwingine, majivu yasinifikie. Akasema anataka kunipeleka hospitali mjini.

Bibi hakupenda. Alisema hospitalini watanishona kama gunia la mpunga. Alisema msichana aliyeshonwa mdomo nani atamtolea ng'ombe. Tena alisema mke haondoki bomani na mtoto wa watu bila mwenye mtoto kujua, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Mayu alikuwa bado kijana. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimjibu mkwewe zaidi ya "ndiyo, mama". Aliinamisha macho kama adabu inavyotaka, na huku ameinama hivyo hivyo akasema:

"Mama, huu ni uso. Sio unyayo."

Mayu akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Mdomo wake ukiharibika, baba yake nitamjibu mimi."

"Utamjibu," Bibi akasema. Akayamwaga majivu chini.

Jirani yetu mmoja, mkulima wa maharage aliyehamia kutoka Mishamo, alikuwa na pikipiki. Alitubeba bila kuuliza mengi. Mimi nilikaa katikati, Mayu nyuma, mkono wake mmoja umenizunguka kichwa na kubana kile kitenge usoni kwangu. Njia nzima sikuona kitu. Nilinusa tu moshi wa jikoni na maziwa ya mgando, harufu ya kila siku ya mama yangu, na nilisikia moyo wake ukipiga kisogoni kwangu. Nilidhani ni injini.

Chumba cha dharura kilinuka dawa ya sakafu na spiriti. Daktari alikuwa mama mnene mwenye miwani, na alitushangaza kwa kutokuwa na haraka. Hakukigusa kitenge. Aliniuliza jina, Mayu akajibu kwa niaba yangu, akaniuliza kama Limi ni jina la mvua au la jua, nikanyoosha kidole juu, akacheka. Ndipo akaomba kuona. Alitazama ndani ya mdomo, akahesabu meno yangu kwa macho, akamwambia Mayu kwamba mdomo humwaga damu nyingi kuliko ukubwa wa kidonda, na damu hiyo hiyo ndiyo inayoufanya uso upone haraka kuliko mguu. Kisha akauliza nilianguka wapi.

"Kwenye mavi ya punda, dakitali," Mayu akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, na herufi ya R ilikuwa bado haijafika kwetu.

Daktari akatikisa kichwa. "Punda, eh? Basi lazima tumchome sindano ya pepopunda, isije ikampata huyu."

Sasa naomba mnielewe. Leo najua pepopunda ni ugonjwa wa wadudu wanaokaa kwenye udongo na samadi, wanaingilia kwenye kidonda, wanakaza misuli ya mtu mpaka anaumia vibaya. Wakati ule nilijua maneno mawili. Pepo nilikuwa nawajua: karibu na kwetu kulikuwa na kanisa ambamo walitolewa kila Jumapili, watu wakianguka na kulia kwa sauti zisizo zao. Punda nilikuwa namjua kuliko mtu yeyote pale chumbani. Kwa hiyo nilipata picha nzima papo hapo. Hakimu alikuwa na pepo, pepo alikuwa kwenye mavi yake, na mimi nilikuwa nimemfungulia mlango usoni mwangu. Kilichonitatiza ni sindano. Sindano ya homa inaondoa homa, hilo nililijua. Lakini sindano ya maji ina maji ndani. Sikuweza kupambanua kama daktari anataka kumtoa pepo wa punda au anataka kumtia, na mdomo wa kuulizia sikuwa nao.

Nilichomwa begani. Halafu wakaniviringisha kwenye kitenge kile kile, mikono ndani, kama kichanga, jambo lililoniuma heshima kuliko sindano. Daktari akanichoma ganzi karibu na pua, machozi yakanitoka yenyewe, na baada ya hapo upande ule wa uso ukaacha kuwa wangu. Aliuosha kwa maji ya chumvi mpaka nikadhani amesahau kilichomleta. Mayu aliambiwa ashike kichwa changu, kisicheze hata kidogo.

"Nitaanzia hapa kwenye mstari," daktari akamwambia, akimwonyesha. "Hapa nikikosea kidogo tu, mdomo wake utakuwa na ngazi maisha yake yote. Mshike."

Mayu akanishika. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa kusukuma jiwe la kusagia na kuchota maji, na vilinifunika masikio yote mawili. Akainama, uso wake ukawa juu chini mbele ya macho yangu, akaanza kunitajia ng'ombe wetu. Aliwataja wanavyotoka zizini asubuhi: Madoa anatangulia, nyuma yake Pembe Moja, halafu Kijivu na ndama wake, halafu yule mweusi mkorofi. Mimi nilikuwa nawafuata kwa akili. Katikati akakosea, akamtaja Kijivu baada ya mweusi, na nilikasirika kiasi kwamba niliisahau ile sindano iliyopinda kama ndoana iliyokuwa inapita chini ya pua yangu. Mpaka leo sijui kama alikosea kwa makusudi. Nilipokuja kumuuliza nikiwa mkubwa aliniambia ng'ombe wake anawajua yeye.

Daktari alishona mshono wa kwanza, akarudi nyuma, akatazama. Akamwambia Mayu naye atazame. Mama yangu, ambaye hakuwa ameingia darasani siku hata moja, alitazama mdomo wangu kama anavyotazama mstari wa mahindi shambani, kichwa ameinamisha upande, na akasema, "Umekaa." Ndipo daktari akaendelea.

Wakati tunaondoka tulipewa masharti. Uji na maziwa tu, kusukutua kwa maji ya chumvi kila nikila, nisilambe nyuzi, na nisikae juani, kwa sababu jua hulitia kovu bichi weusi usiotoka. Mtoto anayeitwa Jua akae kivulini. Hata Mayu alitabasamu. Mwisho daktari akasema turudi kabla wiki haijaisha kutoa nyuzi, na kwamba taya zikianza kukaza, au mdomo ukishindwa kufunguka, nirudishwe mbio hata kama ni kwa kubebwa.

Asubuhi iliyofuata nilijitazama kwenye kioo cha Baba cha kunyolea. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, umejitokeza mbele, umening'inia, na nyuzi nyeusi zimesimama kama ndevu. Nilikuwa nimewahi kuuona mdomo ule. Niliuona kila siku ukitafuna pumba.

Wiki ile sikutamka neno. Watu walidhani ni maumivu, na kwa kweli yalikuwepo, lakini maumivu hayakuwa shida yangu. Niliogopa nikifungua mdomo itatoka ile sauti. Kila nikiamka nilishika masikio yangu kupima urefu wake. Niligoma kukaa karibu na Hakimu, na yeye, aliporudishwa na jirani akiwa mzima na maji yake, alinitazama kwa namna ambayo niliiona ni ya kindugu. Siku moja nilipita kwenye gunia la pumba nikahisi zinanukia vizuri. Nilijificha nyuma ya ghala nikalia bila kufungua mdomo, na nawaambia kazi hiyo si rahisi.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu, kumbe Mayu naye alikuwa na yake. Yeye aliona mtoto aliyekuwa anaongea mpaka usingizini sasa hasemi. Aliona mdomo umevimba umepinda. Bibi hakumsema kwa ubaya. Alikuwa anautazama tu mdomo wangu kila akipita, kisha anamtazama Mayu. Mayu alininywesha uji kwa kijiko kidogo, akanikinga na jua kwa kanga, akafukuza nzi mchana kutwa. Kazi za boma alizifanya pia, zote. Nilimwona usiku mmoja amekaa kwenye kigoda anajiongelesha kwa sauti ya chini, na nilielewa maneno machache tu. Alikuwa anafanya mazoezi ya kumjibu Baba.

Tulirudi hospitali kwa pikipiki ile ile. Uvimbe ulikuwa umeshuka na kidonda kilikuwa kinawasha, dalili njema kwa mujibu wa daktari, ingawa mimi niliona ni manyoya yanaota. Alikata nyuzi moja moja kwa mkasi mdogo, akazivuta, na kila moja ilitoka kwa mchomo mfupi kama wa siafu. Akaipangusa sehemu ile, akainua kidevu changu kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika. Kisha akasema anataka kusikia mdomo unavyofanya kazi, niseme chochote.

Nilikaa kimya. Mayu akamweleza kwamba nimekuwa hivi tangu siku ile, sijasema hata neno. Daktari aliacha kuandika. Akachuchumaa mbele yangu mpaka miwani yake ikawa sawa na macho yangu, akaniuliza kama kuna kitu ninachoogopa. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniambia nimwambie yeye tu, kwa kunong'ona.

Nilivuta pumzi. Mbele yangu nilimwona Mayu, amebana kitenge kifuani kwa mikono yote miwili. Nikaamua kwamba kama itatoka sauti ya punda, basi itoke, akaisikie akiwa hapa hapa kwa daktari.

"Pepo wa punda bado yumo?"

Midomo ilikutana kila mahali ilipotakiwa kukutana. Kila P na kila B ilifunga na kufunguka safi, hakuna hewa iliyovuja. Daktari alikaa sakafuni kabisa, chini, akacheka mpaka akavua miwani. Mayu yeye alianza kucheka halafu akajifunika uso na kitenge, na mabega yake yakaendelea kwa muda mrefu kuliko kicheko. Sikuelewa kwa nini mtu alie kwa sababu ya swali. Daktari alipoweza kuongea aliniapia kwamba hakuna punda yeyote ndani yangu na hajawahi kuwemo. Nikamwamini, na kuanzia hapo niliongea bila kupumzika mpaka nyumbani. Jirani aliyetubeba alisema heri nyuzi zingebaki.

Kovu lilikuwa jekundu kwanza, halafu likawa jeusi, na Mayu alilipaka samli kila jioni, akilisugua taratibu kwa kidole gumba, mpaka likalainika.

Baba alirudi na ng'ombe mvua zilipokaribia. Habari alikuwa ameshaipata njiani, kama habari zinavyosafiri, na ilikuwa imeshakua: aliambiwa bintiye amepasuka uso na mkewe amemtorosha kwenda mjini. Hakula kwanza. Alikaa karibu na moto, fimbo bado mkononi, akauliza nani alitoa ruhusa mtoto aondolewe bomani.

Mayu alikuwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko, akasimama. Niliona midomo yake ikianza yale maneno aliyoyafanyia mazoezi. Lakini Bibi alimtangulia. Hakuinua hata macho kutoka kwenye mahindi aliyokuwa anapukuchua.

"Uliacha mtu mzima hapa nyumbani," akamwambia mwanawe. "Umeshauona mdomo wenyewe, au unauliza tu?"

Baba akaniita. Akanivuta karibu na moto, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayekagua ndama mnadani. Alipitisha kidole kwenye ule mstari, taratibu, kwenda na kurudi. Nadhani alikuwa anatafuta ngazi. Kisha akaiweka fimbo chini na kumgeukia mama yangu.

Kwetu, wakati ule, mwanamume hakumshukuru mkewe mbele ya mama yake mzazi. Kama alikuwa na shukrani alizibeba moyoni, au alichinja kuku bila kueleza sababu. Baba alimtazama Mayu aliyekuwa bado amesimama, mikono imejaa unga, akasema neno letu la shukrani, moja tu, kwa sauti ambayo Bibi pia aliisikia.

"Wabeja," alisema.